Rangi za Kadi na Afya ya Watoto

Ilipofunguliwa hospitali ya watoto ya Great Ormond Street, London, mwaka 1852, nayo ina vitanda 10 tu, desturi ya kupelekeana kadi ilikuwa bado changa, kwani ile ihesabiwayo kuwa kadi ya kwanza ya Krismasi, aliyoiagiza Henry Cole, ilichapwa mwaka 1843, ikatiwa rangi kwa mkono. Na rangi za zama hizo, licha ya uzuri wake, zilikuwa na hatari kubwa: nyeupe na manjano zilitokana na risasi, nyekundu na zebaki, na kijani, kilichopendwa mno, kilikuwa kile alichokivumbua Carl Wilhelm Scheele wa Sweden mwaka 1775 kwa shaba na aseniki, sumu ya kuua.

Aliyelipa gharama ya urembo huo ni Matilda Scheurer, binti wa miaka 19, fundi wa maua ya bandia mjini London, aliyekufa mwaka 1861 kwa kuvuta unga wa kijani alioupaka majani siku zote za kazi yake. Na kifo hicho, naamini, kilistahiki kuwazindua watu upesi kuliko kilivyowazindua.

Hatua za kuelekea rangi salama kwa watoto zilikuja baadaye: kalamu za nta za Crayola zilitoka Marekani mwaka 1903, na tangu 1940 watengenezaji wa huko wana utaratibu wa kuvithibitisha vifaa vya watoto vya kuchorea kuwa havina sumu. Siku hizi hospitali kadha wa kadha hukataa hata kadi zilizotiwa unga wa kumetameta, kwa kuwa unga huo hupukutika vitandani na kuingia machoni mwa wagonjwa.