Maneno ya Baharini Ndani ya Kitabu cha Watoto

Kuna methali ambayo wengi wetu tuliikariri shuleni na kuijibia mtihani: "Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Maana yake tunaijua: utazunguka kote, mwisho utarudi kwenu. Sawa. Lakini tezi ni nini? Omo iko wapi? Na huko ngamani kuna nini hasa? Nimewauliza vijana wenzangu wa mjini, tena wale wanaoandika hadithi. Wengi wanasema tezi ni ule uvimbe wa shingoni, ati. Wakifika kwenye omo wanacheka tu.

Nataka kueleza jinsi maneno ya namna hii yalivyosafiri zamani, yakapanda kutoka pwani hadi madarasa ya bara, na kilichoyabeba kilikuwa kitabu cha watoto. Ni Kisiwa chenye Hazina, tafsiri ya riwaya ya Mskoti Robert Louis Stevenson. Mimi nimeishia kidato cha nne, kwa hiyo vitabu vya mitumba vinavyopangwa chini kando ya barabara ndiyo chuo changu, na nakala yangu, isiyo na jalada, nimeipata huko huko.

Hadithi yenyewe ni ya kijana Jim Hawkins, ramani ya hazina, na mpishi wa melini mwenye mguu mmoja, Long John Silver. Kuna mahali Jim anabaki peke yake ndani ya merikebu na baharia mmoja jambazi, Israel Hands, ambaye amejeruhiwa. Jim hajui kuendesha chombo. Hands anajua, ila hana nguvu. Basi jambazi anasema, mtoto anashika usukani, na merikebu inaingia kwenye hori. Muda wote huo Hands ana kisu, anangoja nafasi ya kumuua. Hapo neno halichezewi. Ukisikia "kulia" ukaenda kushoto, chombo kimepanda mwamba. Ukishindwa kupanda mlingoti haraka, umekwisha.

Ndiyo maana maneno ya kitabu kile hayamtoki mtu. Shuleni tulipewa orodha ya msamiati, maneno kumi kwa wiki, na Ijumaa yalikuwa yameshayeyuka. Neno la orodha halina kazi. Neno la hadithi lina roho ya mtu inayolitegemea, na ukilisahau unapoteza njia ya kisa kizima.

Nilipomaliza kukisoma nilikwenda Feri, Dar es Salaam, kuwatafuta wenye maneno. Mzee mmoja, nahodha wa zamani wa jahazi, nilimwamkia, nikamwambia naandika hadithi. Akanitazama juu hadi chini. "Unaandika bahari na hujapanda chombo, mwanangu?" Kisha akaanza kunionyesha kwa kidole. Ule mti mrefu unaobeba tanga ni foromali. Kamba ya kulipandishia ni henza. Kamba ya kulishikia tanga kwa chini ni demani, na demani hiyo hiyo ni jina la majira. Mbele ya chombo ni omo, nyuma ni tezi. Na ngama? Akainama akanionyesha chini kabisa, tumboni mwa jahazi, kwenye maji machafu. "Utakwenda mbele, utakwenda nyuma, utajidai unavyotaka," akasema. "Mwisho utashuka hapa kuchota maji, au tuzame sote." Kumbe methali niliyoikariri miaka yote ni habari ya kazi!

Sasa turudi kwenye historia. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia Waingereza waliitwaa Tanganyika kutoka kwa Wajerumani, nao wakataka Kiswahili cha namna moja kwa shule za makoloni yao. Mwaka 1925 ulifanyika mkutano Dar es Salaam. Mwaka 1928, mjini Mombasa, wakakichagua Kiunguja kiwe msingi, na Kimvita kikawekwa kando pamoja na ushairi wake wote mkubwa. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, ambayo mwanzoni haikuwa na mjumbe hata mmoja Mwafrika. Katibu wake wa kwanza alikuwa Frederick Johnson wa idara ya elimu ya Tanganyika.

Jina hilo likumbuke, maana mfasiri wa Kisiwa chenye Hazina ni huyo huyo. Kitabu kilitoka mwaka 1929, mwaka mmoja na Mashimo ya Mfalme Sulemani. Mwaka 1935 Johnson akatoa kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili. Alifariki mwaka 1937, na ile kamusi kubwa ya Kiswahili kwa Kiingereza aliyokuwa akiiongoza ikatoka mwaka 1939. Kwa hiyo mkono uliowapa watoto hadithi ya maharamia ndio uliopanga kamusi. Mtoto wa Tabora au wa Iringa aliyekuwa hajawahi kuiona bahari alikutana na nanga, tanga, mlingoti na usukani katika hadithi kabla ya kuyakuta kwenye kamusi.

Lakini tusimpe Johnson sifa isiyo yake. Maneno hayo hakuyatunga yeye. Yalikuwepo karne nyingi vinywani mwa mabaharia, mafundi wa vyombo na wavuvi, ambao majina yao hayamo kwenye jalada lolote. Nahodha ni neno lililotoka Uajemi, na bandari vile vile. Baharia na hazina asili yake ni Kiarabu. Yaliletwa na biashara ya pepo za kusi na kaskazi, yakakaa na mtumbwi, ngalawa, dau, mashua na jahazi. Mfasiri alikuta meza imeshaandaliwa.

Na Stevenson je? Naye aliomba maneno. Ukoo wake ulikuwa wa wahandisi wa minara ya taa ya baharini. Mwaka 1881, likizoni kijijini Braemar, kulikokuwa na mvua, alichora ramani ya kisiwa pamoja na mtoto wake wa kambo, Lloyd, na hadithi ikaanzia hapo. Baba yake mzazi akaipenda, akatumia karibu siku nzima kuorodhesha vitu vya kutiwa kwenye sanduku la baharia mzee Billy Bones. Baadaye Stevenson aliandika kwamba merikebu yake ilipaswa kuwa ya aina nyingine, yenye matanga magumu zaidi, ila hakuweza kuiendesha kwenye karatasi, akachagua aina nyepesi ili asiaibike. Mwandishi mkubwa yule! Alipima hadithi kwa maneno aliyokuwa nayo.

Vijana wenzangu, hapo ndipo penye uchungu wetu. Siku hizi vyombo vingi vinakwenda kwa injini, na anayejua henza ni mzee. Akiondoka, neno litabaki kwenye kamusi kama samaki mkavu. Sisi nasi tutaandika bahari kwa maneno matatu: maji, mawimbi, boti.

Lakini kazi hii inawezekana. Mwaka 2002 Emmanuel Mbogo alitoa riwaya ya vijana, Watoto wa Maman'tilie, ikasomwa sana sekondari za Tanzania. Neno mamantilie halikutoka kwenye kamati. Lilizaliwa mtaani, kwenye sufuria za wali na maharage, kutoka kwa wateja waliosema "mama, nitilie." Mbogo aliliokota, akalitia ndani ya kisa cha njaa na shule, na sasa hata mtoto atakayezaliwa wakati neno hilo limepotea mtaani atalikuta likiwa hai, lina jasho.

Basi kabla hujaandika fundi, konda, mvuvi au msusi, nenda kakae naye. Muulize kila kifaa kinaitwaje, halafu mpe mhusika wako kazi ambayo bila neno hilo haiwezi kufanyika. Wazee wa Feri bado wapo, na kuuliza hakuna kiingilio.