Nani Anahesabu Ngoma za Kigali?

Ukitoka katikati ya Kigali kwa njia ya Rwandex unafika Sonatubes, njia panda iliyorithi jina la kiwanda cha mabomba. Barabara moja inaelekea Giporoso na uwanja wa ndege wa Kanombe. Nyingine inateremka Kicukiro, Nyanza na Gahanga, hadi Bugesera. Taa zikiwaka nyekundu, pikipiki hujipenyeza mbele ya magari, na hapo ndipo muziki unaposikika vizuri. Redio ya teksi ina amapiano ya Afrika Kusini, simu iliyofungwa kwenye usukani wa pikipiki ina Bongo Fleva, na spika ya duka la vifaa vya simu inamwimbisha Bruce Melodie wa Rwanda. Mtu mwenye daftari akikaa pale jioni moja ataondoka na orodha ya nyimbo zinazochezwa mjini, na ataweza hata kuzipanga kwa namba.

Kazi hiyo ya kuzipanga kwa namba ngoma za kucheza ina historia ndefu, na Mwafrika alikuwemo tangu mwanzo. Mwaka 1972 Manu Dibango, Mkameruni aliyewahi kupiga saksafoni na African Jazz ya Joseph Kabasele kule Léopoldville, alirekodi wimbo wa kulipamba Kombe la Mataifa ya Afrika nchini mwake. Upande wa pili wa santuri hiyo akaweka Soul Makossa. New York, DJ David Mancuso aliipata santuri hiyo katika duka la Brooklyn, akaanza kuipiga kwenye karamu zake zilizojulikana kama The Loft. Mtangazaji Frankie Crocker akaipeleka redioni, WBLS. Watu walipokwenda kuitafuta madukani, nakala zilikuwa zimekwisha, na makundi mengine yakakimbilia studio kuirekodi upya. Mwaka 1973 Soul Makossa ilifika namba 35 kwenye chati kuu ya Marekani.

Jambo hilo liliwashtua wenye kampuni za muziki. Wimbo ulikuwa umepanda kutoka sakafu ya kuchezea bila redio kuutangulia. Ndipo Oktoba 26, 1974 jarida la Billboard likaanza kuchapisha safu ya Tom Moulton kuhusu disko. Ma-DJ wa New York walieleza ni nyimbo gani zinawainua watu vitini, na maduka ya santuri yakaeleza zipi zinanunuliwa. Wimbo wa kwanza kuongoza orodha ya safu hiyo ulikuwa Never Can Say Goodbye wa Gloria Gaynor. Miaka miwili baadaye orodha ya klabu ikawa ya nchi nzima. Naipenda sana hesabu ile ya awali, kwa sababu shahidi wake alikuwa mtu aliyeuona umati kwa macho yake.

Baadaye shahidi akawa mashine. Mei 25, 1991 Billboard iliacha kuwapigia simu wenye maduka kuhusu albamu zinazouzika, ikaanza kutumia takwimu za mauzo zilizosomwa moja kwa moja na mashine kwenye kaunta. Kwa msingi huo ikazaliwa, Juni 30, 2001, chati ya albamu za muziki wa kielektroniki peke yake. Ilianza na nafasi 15, na albamu ya kwanza kukaa kileleni ilikuwa mkusanyiko wa nyimbo za filamu ya Lara Croft: Tomb Raider. Baadaye nafasi zikaongezwa hadi 25, na muziki wa klabu ukatajwa katika jina la chati. Lady Gaga aliishikilia nafasi ya kwanza kwa The Fame muda mrefu kuliko albamu nyingine yoyote.

Sasa jiulize mashine ile ingesoma nini kwetu. Afrika Mashariki ya mwaka 2001 ilinunua kaseti zilizonakiliwa, kisha ikaja CD iliyochomwa, kisha flashi. Unampa kijana wa dukani flashi yako, anakuuliza unataka za nani, anakujazia nyimbo mia, unalipa na kuondoka. Msanii hapati kitu na hakuna mashine iliyosoma chochote, lakini jioni ile ile nyimbo zinapigwa kwenye basi, saluni na harusi.

Muziki wa singeli ni mfano ulio wazi. Vijana wa Dar es Salaam waliuunda kwa kompyuta za kawaida, wakaukimbiza hadi zaidi ya mapigo 200 kwa dakika, na ngoma za usiku za uswahilini zikaubeba. Ulikuwa muziki wa kielektroniki hasa, ulionyooka. Hata hivyo dunia iliusikia kama albamu mwaka 2017, pale lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ilipotoa Sounds of Sisso, mkusanyiko kutoka studio ya Sisso, Mburahati. Mwaka uliofuata ikatoka Poaa ya Bamba Pana, kisha Tatizo Pesa ya Jay Mitta. Wachambuzi wa Ulaya walizisifu. Lakini muziki huo ulikuwa umeshajaza viwanja vya Manzese na Tandale bila chati yoyote kuandika jina lake.

Rwanda ilipojaribu kuhesabu, ilichagua kura. Kuanzia 2011 shindano la Primus Guma Guma Super Star liliwazungusha wasanii mikoani, na mashabiki wakapiga kura kwa ujumbe wa simu. Tom Close alishinda mwaka wa kwanza, akafuatiwa na King James, Riderman, Jay Polly, Knowless Butera, Urban Boyz, Dream Boyz, na mwaka 2018 Bruce Melodie. Halafu likakoma. Liliwapa wasanii fedha na jukwaa, jambo ambalo redio zilikuwa hazijawapa. Lakini kura humpima mtu anavyopendwa. Haisemi ni wimbo gani uliojaza sakafu Jumamosi saa sita usiku.

Aliyefika kileleni mwa chati kwa ngoma ya kucheza akiwa na damu ya Kinyarwanda alitokea Brussels. Paul Van Haver, Stromae, alizaliwa huko mwaka 1985 kwa mama Mbelgiji na baba Mnyarwanda, Pierre Rutare, msanifu majengo. Baba huyo aliuawa mwaka 1994 katika mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Alors on danse ilipoongoza chati za Ubelgiji, Ufaransa na Ujerumani mwaka 2010, wengi waliipokea kama ngoma ya kujirusha tu, ilhali inaorodhesha kazi, madeni, talaka na misiba. Papaoutai ya 2013 inamtafuta baba asiyekuwepo. Albamu yake, Racine carrée, ndiyo iliyouzwa kuliko zote Ufaransa mwaka huo. Oktoba 17, 2015, baada ya tamasha kuahirishwa kwa sababu ya ugonjwa, alipanda jukwaani katika uwanja wa ULK, Kigali, na hapo akaifunga ziara yake ndefu. Chati zilikuwa zimehesabu nakala zake kwa ukamilifu. Wanyarwanda walioimba naye Papaoutai usiku ule walikuwa na hesabu yao wenyewe, na naamini ilikuwa nzito zaidi.

Leo mashahidi ni simu. Kila wimbo unaochezwa mtandaoni unaacha alama, na tangu 2021 hata Boomplay, programu ya muziki inayosikilizwa sana barani, inaipelekea Billboard takwimu zake. Aprili 2022 Black Coffee wa Afrika Kusini alitwaa Grammy ya albamu bora ya muziki wa klabu na wa kielektroniki kwa Subconsciously, Mwafrika wa kwanza kuipata. Ni hatua kubwa. Lakini anayehesabiwa ni mwenye bando. Ile flashi ya dukani bado iko gizani, na ma-DJ waliokuwa mashahidi wa kwanza wamesahaulika: chati ya klabu ya Billboard ilisitishwa Machi 2020 klabu zilipofungwa, mwezi ule ule Rwanda ilipowafungia watu majumbani.

Ningependa Kigali irudie njia ya Moulton. Ma-DJ wa Remera, Kimironko, Nyamirambo na Kicukiro waandike kila wiki nyimbo kumi zilizowainua watu, na gazeti lichapishe. Hesabu iwe ya mji huu kwa saa zake: tangu Septemba 1, 2023 baa na klabu hufunga saa saba usiku siku za kazi na saa nane mwisho wa juma, kwa hiyo wimbo una muda mfupi wa kujithibitisha. Na kila mwaka kuanzia Aprili 7, kwa wiki nzima ya maombolezo, isichapishwe kitu. Aprili 11, 1994, askari wa Kibelgiji wa Umoja wa Mataifa walipoondoka shule ya ETO Kicukiro, zaidi ya Watutsi 2,000 waliokimbilia shuleni hapo waliachwa bila ulinzi. Walizuiwa hapa hapa Sonatubes, wakapelekwa Nyanza kuuawa. Chati ya Kigali lazima iwe na nafasi hiyo tupu, na wanaoiandaa waipange hivyo tangu toleo la kwanza.