Jinsi ya kumwepusha mtoto wa mbwa na vitu vya hatari nje ya nyumba

MTOTO wa mbwa anayetafuna kiatu humkera mwenye nyumba tu, lakini yule anayetafuna asichokijua uani anaweza kufa kabla ya jua kuzama.

Katika wilaya za Ngara na Biharamulo mkoani Kagera, mbwa wengi hulelewa nje, ambako hulinda nyumba na kuandamana na wachungaji. Mfugaji anayempoteza mbwa mchanga hupoteza mlinzi wa kesho.

Mbwa huwa na meno ya utotoni 28, ambayo huanza kuchomoza akiwa na umri wa wiki tatu hivi. Kati ya miezi mitatu na saba, meno hayo hung'oka na kuyapisha meno 42 ya ukubwani. Katika kipindi hicho ufizi humuuma, naye hujituliza kwa kutafuna. Aidha, mdomo ndio mkono wake wa kuutambua ulimwengu.

Kwa sababu hiyo, kumchapa hakumwondolei haja ya kutafuna. Humfundisha tu kujificha au kumeza haraka alichokiokota.

Hatari zilizopo uani

Maganda ya mihogo michungu yana sumu ya sianidi. Mbegu za mbarika, ambazo wengine huziita nyonyo, hutoa sumu kali zinapotafunwa, na utomvu wa minyaa inayopandwa kuzungushia boma huunguza mdomo na macho. Buni, zao linaloleta fedha kwa wakulima wengi wa Kagera, zina kafeini ambayo mwili wa mbwa hauimudu.

Gunzi la mahindi na kokwa la parachichi huweza kuziba utumbo. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, na betri za tochi zilizotupwa huunguza koo na tumbo.

Vilevile, sumu ya panya na viuatilifu vya shambani huua mbwa upesi au polepole. Sumu nyingi za panya huzuia damu kuganda, na dalili zake huweza kuchelewa kwa siku kadhaa, wakati mfugaji amekwisha kusahau alipoitega.

Hatari haziishii uani. Katika vituo vya barabara kuu iendayo Rusumo, kama Nyakanazi, Lusahunga na Benaco, mabaki ya nyama hutupwa pamoja na vifungashio. Ingawa mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku nchini tangu Juni 1, 2019, chupa na vifungashio vingine vya plastiki vingalipo.

Kwenye machinjio, mbwa anayekula maini au mapafu mabichi yenye vifuko vya maji huweza kupata minyoo tegu, ambayo mayai yake humwambukiza binadamu kupitia kinyesi cha mbwa huyo.

Hatua za kuchukua

Hatua ya kwanza ni kusafisha. Maganda na mifupa vifukiwe katika shimo lenye kifuniko, viuatilifu vifungiwe stoo, na chupa zake tupu zisitumiwe tena nyumbani.

Ya pili ni kumpa kitu halali cha kutafuna. Mpira mgumu usioweza kupita kooni hufaa. Kitambaa kinene kilicholoweshwa kwa maji baridi hupoza ufizi, ilimradi mtu awepo kumwangalia asikimeze.

Ya tatu ni mafunzo. Mbwa akiokota kitu, asikimbizwe, kwani atadhani ni mchezo. Mfugaji atamke neno moja tu, kama vile "acha", kisha ampe kipande cha chakula mara anapoachia. Zoezi hilo likirudiwa kila siku, mbwa hujifunza kuwa kuachia kuna faida. Kabla hajalimudu, atembezwe kwa kamba.

Anapodhurika

Mbwa aliyekula sumu apelekwe mara moja kwa daktari wa mifugo, pamoja na kifungashio au mabaki ya alichokula. Asinyweshwe maziwa, mafuta wala maji ya chumvi. Kumlazimisha kutapika baada ya kumeza mafuta ya taa au tindikali huongeza madhara.

Hata hivyo, tahadhari moja huzidi zote. Mbwa anayetokwa na udenda na kushindwa kumeza huweza kudhaniwa kuwa amekwamwa na mfupa, kumbe ana kichaa cha mbwa. Mkono usiingizwe kinywani mwake. Aliyeng'atwa, au aliyeguswa na mate penye jeraha, aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha awahi hospitali kupata chanjo. Dalili za ugonjwa huo zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa. Mbwa mwenyewe achanjwe afikishapo umri wa miezi mitatu.

Ua uliosafishwa haumlindi mbwa peke yake. Mtoto wa binadamu anayetambaa hucheza papo hapo, naye pia hupeleka mdomoni kila anachokiokota.