Huru na Mwungwana

Watu wa pwani wa zamani walikuwa na majina mawili kwa jambo ambalo siku hizi twaliona kuwa moja. Mtumwa aliyeachwa na bwana wake aliitwa huru. Mtu aliyezaliwa na wazazi wasio watumwa aliitwa mwungwana. Huru hakuuzwa tena, lakini alikuwa bado mtu wa fulani: alikwenda kumwamkia bwana wake wa zamani, alitumwa naye, na watu hawakuisahau asili yake. Mwungwana hakuwa na deni la namna hiyo. Nami naona ya kuwa Mkristo asomaye waraka wa Mtume Paulo kwa Wagalatia pasipo kuijua tofauti hii, atausoma nusu. Maana Paulo hasemi tu kwamba tumefunguliwa. Asema tumefanywa wana, tena warithi. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili walilijua hilo, wakaliweka neno ungwana mahali pake.

Tulitazame jambo hili huko Rabai, nyuma ya Mombasa, ambako Krapf na Rebmann walianza kazi ya Injili mwaka 1846. Mwaka 1873 Sultani Barghash wa Unguja alitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini. Na mwaka 1875 Church Missionary Society ikaanzisha Frere Town, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, wapate kukaa watu waliotolewa katika majahazi. Ilikuwa kazi njema, wala sitaki kuipunguzia sifa. Walakini historia haifichi: mwaka 1881 ilijulikana kwamba watu wale wale waliookolewa walikuwa wakipigwa viboko na kufungwa kwa amri ya msimamizi wa mji. Mnyororo wa jahazi ulikuwa umekatwa, na bwana mwingine amesimama juu yao.

Kosa hilo lilikuwa la mwenye kiboko. Lakini iko hatari nyingine, nayo imo ndani yetu sisi. Mtu aliyezoea kuongozwa kwa hofu aweza kuingia nayo kanisani. Husali ili jina lake lisitajwe vibaya, hutoa sadaka ili asipatwe na msiba, na humwogopa Mungu kama mtumwa alivyomwogopa mwenye shamba. Mwalimu hulijua jambo hili darasani: wako watoto wanyamazao kwa sababu ya fimbo, na akitoka nje kidogo tu ataisikia tofauti. Wagalatia nao walikuwa wamekwisha kufunguliwa, kisha wakaanza kutafuta tena tohara na kushika siku na miezi. Ni rahisi kuhesabu amri kuliko kukaa nyumbani kama mwana. Paulo aliwakasirikia sana, pengine kuliko alivyowakasirikia Wakorintho kwa dhambi zao zilizo wazi.

Basi nimtaje mtu mmoja, William Jones. Alikuwa Myao, akauzwa katika utoto wake, akaokolewa baharini na kupelekwa Bara Hindi, akafundishwa huko Nasik. Mwaka 1864 akaja Rabai kuisaidia misioni. Mwaka 1885 Askofu Hannington alimfanya shemasi, pamoja na mwenziwe Ishmael Semler, kisha akasafiri naye kwenda Uganda kwa njia ya nchi ya Wamasai. Walipofika Kavirondo, Askofu akachukua watu 50 akatangulia, akamwacha Jones na msafara uliosalia. Mwezi wa Oktoba Askofu akauawa huko Busoga, na watu wachache tu wakaponea kuleta habari.

Fikirini hali ya Jones. Hapakuwa na Mzungu wa kumwamuru, wala askari, wala sheria ya kumlazimisha. Wapagazi walikuwa wengi, njia ndefu, chakula cha shida. Akangoja, akahakikisha habari, kisha akawarudisha watu wale hata Rabai. Wakaingia mwezi wa Februari 1886 wakichukua bendera ya buluu iliyoshonwa neno moja kwa herufi nyeupe: Ikabodi, yaani utukufu umeondoka. Mtu huyu aliyewahi kuwa bidhaa sokoni alijifanya mtumishi wa wapagazi, wala hakutumwa na hofu. Hivi ndivyo nionavyo maana ya maneno ya Paulo kwamba tusiutumie uhuru wetu kuufuata mwili, bali tutumikiane kwa upendo. Waungwana wengi wa pwani waliona kazi ya mikono na kutumikia kuwa aibu, ijapokuwa mithali yao wenyewe yasema uungwana ni vitendo.

Huko Rabai watumwa watoro walikuwa wakija kujificha, na misioni ilikuwa imeahidi kutowapokea. Hata hivyo walikuja, wakalima, wakasoma, wengine wakabatizwa, na Jones hakuwafukuza. Mwaka 1888 wenyewe mabwana walikasirika hata ikahofiwa kwamba watakuja na silaha. Ndipo Mackenzie, wakili wa Kampuni ya Kiingereza, akapatana nao kwa fedha. Na siku ya Mwaka Mpya 1889 watu wapata 1,400 wakapewa hati za uhuru pale Rabai.

Hati zile zilikuwa kitu kikubwa, wala asizidharau mtu ambaye hajawahi kuwindwa. Lakini wako waliokuwa wamekaa Rabai miaka kadhaa bila hati, wakiomba Baba Yetu pamoja na watu waliozaliwa huru. Nauliza: siku ile walipopokea karatasi, waliupata ungwana, au walikuwa nao tayari? Mimi nasadiki walikuwa nao. Karatasi iliwaambia mabwana zao jambo ambalo wao walikwisha kulijua kwa magoti yao.

Mwaka 1895 Jones na Semler wakawekewa mikono kuwa makasisi. Sheria ya kuufuta utumwa katika pwani ile ilikuja mwaka 1907.