Ndege iliyojengwa kwenye gereji

Wengi wetu ndege tunaiona ikipita juu tu. Mtu akituambia kuna watu wameijenga nyumbani, mahali pa kuegesha gari, tutasema anatupiga kamba. Kumbe ni kweli kabisa.

Tuanzie nyuma kidogo. Mwaka 1957 Wajerumani walirusha Phönix, ndege isiyo na injini, iliyotengenezwa kwa nyuzi za kioo na gundi. Ilikuwa nyepesi na laini, lakini ilihitaji kalibu kubwa, na kalibu ni gharama. Mtu wa kawaida angeipata wapi?

Jibu lilitoka Mojave, jangwani California. Mwaka 1975 Burt Rutan alirusha VariEze, ndege ya watu wawili. Yeye kalibu aliiacha. Alichukua povu gumu, ndugu yake lile tunalolikuta kwenye kartoni ya tivii, akalikata umbo la bawa, kisha akalifunika kwa kitambaa cha nyuzi za kioo kilicholoweshwa gundi ya epoksi. Ikikauka, bawa limepatikana. Mwaka uliofuata akaanza kuuza michoro na maelezo, watu wakajenga majumbani mwao.

Kukata povu ni kazi ya wawili. Mbao zenye umbo la bawa zinapigiliwa huku na huku, zimeandikwa namba. Kila mmoja anashika ncha ya waya uliopashwa moto kwa umeme. Mmoja anaita namba, mwenzake anafuata, ili wafike pamoja. Mmoja akiharakisha, bawa limeharibika.

Lakini hatari yenyewe iko kwenye gundi. Ukikosea kipimo cha kuchanganya, haikazi vizuri. Na ukishapaka rangi, nani ataona? Ndiyo maana maelezo ya Rutan yaliwataka watu watengeneze kwanza vipande vya mazoezi, ndipo waguse ndege.

Hapo tulijikumbuka sisi wenyewe. Yale mabenchi ya chumba cha kusomea tuliyapunguzia misumari, tukasema rangi itaficha. Ilificha kweli, mpaka moja likavunjika na mtoto akaumia mkono. Na hilo ni benchi tu, liko chini. Hebu fikirini ndege.

Kazi iliyofanywa kwa uaminifu ilifika mbali. Tarehe 14 Desemba 1986, Dick Rutan, kaka yake Burt, na Jeana Yeager waliondoka California na Voyager, ndege ya nyuzi za kaboni iliyojengwa Mojave na kikundi kidogo na watu wa kujitolea. Mafuta yalikuwa mengi hadi ncha za mabawa zikasuguka chini wakati wa kuruka, zikaharibika. Bawa lenyewe likashika. Walizunguka dunia, wakavuka hata Afrika yetu, wakatua tarehe 23 bila kuongeza mafuta popote.

Jumamosi tunayafungua mabenchi yaliyobaki na kuyapigilia upya. Mwenye nyundo aje nayo.