Dagaa: jina na samaki wake

Dagaa (nomino, umbo la umoja na la wingi ni moja) ni samaki mdogo aliwaye mzima, aghalabu akiwa amekaushwa. Neno hili ni la sokoni na jikoni kabla ya kuwa la kibiolojia, na hapo ndipo mfasiri hujikwaa, kwani hutaja samaki wasio na udugu wa karibu.

Dagaa wa Mwanza ni Rastrineobola argentea, spishi iliyoelezwa na Pellegrin mwaka 1904. Argentea ni Kilatini, maana yake “-a fedha”, kwa jinsi ubavu wake unavyong’aa. Hazidi sentimita 9, na wengi wavuliwao ni wafupi zaidi. Wataalamu walimweka katika familia ya Cyprinidae. Baadhi ya orodha za sasa humweka katika Danionidae. Oda haikubadilika: ni Cypriniformes, aliko pia ningu wa ziwa hilohilo. Samaki wa oda hii wana vifupa vinavyounganisha kibofu cha hewa na sikio.

Dagaa wa Kigoma ni wengine kabisa. Hao ni Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, wa jamii ya sadini, wenye magamba makali chini ya tumbo. Limnothrissa alipopandikizwa katika Ziwa Kivu aliitwa sambaza. Dagaa mchele wa pwani naye hutoka baharini. Kwa hiyo kumwita dagaa wa Mwanza “sadini” katika tafsiri ya ripoti ya uvuvi ni kumhamishia oda isiyo yake, na msomaji atakayetafuta habari za uzazi au ukuaji wake atapewa za samaki mwingine. Katika maandishi ya kitaalamu, jina la kisayansi liandikwe mara ya kwanza anapotajwa. Katika riwaya, dagaa latosha. Samaki huyohuyo wa Ziwa Victoria huitwa omena nchini Kenya, kutoka Kijaluo, na mukene nchini Uganda.

Mchana dagaa hukaa kina kirefu. Usiku hupanda juu kufuata viumbe vidogo vielevyo majini na wadudu. Ndiyo sababu wavuvi humvua wakati wa giza, kwa mwanga wa karabai na, siku hizi, taa za sola. Mbalamwezi iking’aa, taa hupoteza nguvu ya kumvuta. Alfajiri huanikwa mchangani, juu ya miamba au kwenye chanja, na sehemu kubwa hupitia soko la Kirumba jijini Mwanza. Sangara alipopandikizwa ziwani katikati ya karne ya 20, furu wengi walipungua mno, lakini dagaa alistahimili, na leo yeye, sangara na sato ndio nguzo za uvuvi wa ziwa.

Upatanisho: katika maandishi rasmi tumia a-/wa- (dagaa hawa wamekauka). Sokoni husikika sana dagaa hizi zimekauka, pengine kwa kuwa muuzaji anapima bidhaa, hahesabu viumbe. Mwandishi wa mazungumzo ya sokoni asiisahihishe kauli hiyo.

Kwa sitiari, dagaa ni mtu asiye na cheo wala nguvu, kinyume cha papa: Wamekamatwa dagaa, mapapa wako huru.