Waipa ya Nyuma na Manowari ya Mwaka 1761

Katika vifaa vyote vya gari, sidhani kama kuna kinachosahauliwa kama waipa ya nyuma. Ya mbele hufanya kazi kila mvua inyeshapo, na mpira wake ukichakaa dereva hujua papo hapo kwa kuwa haoni njia. Ya nyuma hukaa tu. Masika huja na kupita, vuli huja na kupita, na miaka kumi yaweza kwisha kabla mtu hajapata sababu ya kuufungua mkono wake. Siku hiyo ikifika, pengine kwa kuwa mota imekufa au mkono umepinda, nati hufunguka bila taabu lakini mkono wenyewe hautoki. Fundi atauvuta, atautikisa, ataumwagia mafuta; umeganda pale kana kwamba umechomelewa.

Wengi husema ni kutu, na jibu hilo ni nusu ya ukweli. Mkono ukishatolewa, chungulia ndani ya tundu lake: mara nyingi utakuta unga mweupe. Kutu ya chuma ni nyekundu. Unga huo mweupe ni wa alumini. Kichwa cha mkono kwa kawaida huwa cha alumini, na kijiti kinachozungushwa na mota ni cha chuma kigumu, chenye meno madogo madogo na kilichopungua unene kuelekea nchani, ili nati ikikazwa mkono ubane sawasawa. Basi hapo metali mbili zisizofanana zimegusana, na kati yao pamepenya maji. Yakiwa maji ya chumvi, ndiyo hatari zaidi. Alumini huliwa polepole, na unga unaozaliwa huhitaji nafasi kubwa kuliko metali iliyoliwa. Nafasi hakuna. Unga unajisokota ndani ya meno, unabana, na huo ndio mgando wenyewe.

Jambo hili watu walilijua kwa macho kabla ya kulijua kwa akili, na walilijulia baharini. Mwaka 1761 Jeshi la Wanamaji la Uingereza liliifunika manowari moja, Alarm, kwa mabamba membamba ya shaba chini ya maji. Hiyo ilikuwa merikebu ya mbao yenye mizinga 32. Shabaha ilikuwa kuzuia wale wadudu wa bahari ya joto wanaotoboa mbao, na pia majani na makombe yanayonata chini ya chombo na kukipunguzia mwendo. Ikapelekwa Karibiani, na mwaka 1763 ikakaguliwa. Kwa upande wa wadudu, shaba ilifaulu kabisa. Lakini misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikuwa imelika vibaya, mingine ikiwa imebaki kama tope. Ajabu ni kwamba mahali pengine misumari ilikuwa mizima. Wakaguzi walipotazama vizuri, waliona kwamba hapo palibaki karatasi ya kaki ambayo mabamba yalifungiwa yalipoletwa, nayo ilikaa kati ya shaba na chuma.

Nimependa siku zote kuwafikiria wale vibarua walioiacha ile karatasi. Sidhani kama mmoja wao alikuwa na nia ya kuwafundisha wasomi lolote.

Maelezo yalikuja baadaye sana. Mwaka 1791 Luigi Galvani wa Bologna alichapisha habari za miguu ya chura iliyorukaruka ilipoguswa na metali mbili tofauti. Na mwaka 1800 Alessandro Volta akaonyesha kwamba visahani vya metali mbili, vikipangwa kwa zamu na kitambaa kilicholowa maji ya chumvi, hutoa umeme. Ndiyo betri ya kwanza. Manowari Alarm ilikuwa betri kubwa iliyoelea, miaka 39 kabla ya Volta. Na waipa yako ya nyuma ni betri ndogo isiyowasha taa yoyote. Katika betri ya namna hiyo daima metali moja huliwa ili nyingine ipone. Chuma kikikaa na shaba, chuma ndicho huliwa. Kikikaa na alumini, safari hii chuma hupona na alumini huangamia.

Waingereza hawakuingoja sayansi. Vita vya Marekani vilipopamba moto, tangu mwaka 1779 walizifunika manowari zao kwa shaba kwa haraka, maana mwendo ulikuwa na thamani kuliko misumari. Misumari nayo ikalipa kisasi, hata katika miaka ya 1780 ikabidi boliti za chuma ziachwe na nafasi yake ichukuliwe na za mchanganyiko wa shaba. Mwaka 1824 Humphry Davy akageuza elimu hiyo kuwa dawa: alifunga vipande vya chuma au zinki kwenye shaba, viliwe vyenyewe na shaba ipone. Shaba ikapona kweli. Lakini kwa kuwa haikuyeyuka tena, ikaacha kuwatia sumu viumbe wa baharini, na merikebu zikaota majani na makombe kama zamani! Jambo likaachwa kwa shaba, ila vipande vya zinki vimebaki hadi leo kwenye meli za chuma, na yeyote aliyeona meli ikiwa imepandishwa nchi kavu atakuwa ameviona.

Wazee wetu wa Pwani waliounda mitepe hawakupata mashaka haya, kwa sababu chombo chao kilishonwa kwa kamba za kumbi. Mabaharia wa Kiyunani walikwisha andika habari za vyombo vya kushonwa vya pwani hii katika karne ya kwanza. Sisemi kwamba walishona ili kuikwepa betri ya Volta. Nasema tu kwamba kamba na mbao hazigombani.

Magari yetu mengi yametoka Japani yakiwa yamekwisha tumika. Baadhi yamepita barabara za huko zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, kisha yakaletwa kwenye upepo wa bahari wa Tanga na Mombasa. Jirani yangu mmoja aliyeishi kwa teksi alilipeleka lake gereji, mkono ukakataa kutoka, na kijana wa pale akachomeka bisibisi kubwa chini yake na kukandamizia kwenye kioo. Kioo cha nyuma kikamwagika chote kama mchele. Gari likalala siku kumi na moja likisubiri kingine, na ada ya shule ya muhula ule ikaliwa na kioo.

Ndiyo maana naona historia hii ina faida hata kwa asiyejali merikebu. Ajuaye kwamba adui ni unga uliobanwa hatatumia nguvu za pembeni, kwani kioo au kijiti vitashindwa kabla ya unga. Nati hulegezwa lakini huachwa nchani ili ilinde meno ya skrubu, na mkono usiruke ghafla. Mafuta mepesi hutiwa, nayo hupewa muda, hata usiku kucha. Maji ya moto kiasi kwenye kichwa cha mkono husaidia, kwa kuwa alumini hutanuka zaidi kuliko chuma. Yanayochemka yasikaribie kioo. Kisha huletwa kile chombo kidogo chenye kucha mbili na skrubu katikati: kucha hushika mkono kwa chini, skrubu husukuma kijiti, na nguvu yote huenda wima, kioo kisiguswe. Husikika mlio mkavu, "ka!", na mkono umetoka. Meno husuguliwa kwa brashi ya waya mpaka unga wote utoke, kisha hupakwa grisi kidogo sana, iwe kama ile karatasi ya kaki, na nati hurudishwa.